Malaria ya Stambuli

Kitabu cha Stambuli kilikuwa kibovu. Naanza na hilo ili tusidanganyane, maana mimi ndiye niliyekichapa, herufi kwa herufi, kwenye kompyuta yangu pale Kihonda. Kurasa arobaini na nne, jalada la kijani, picha yake amevaa koti la kuazima. Juu ameandika: Nilivyoishinda Pombe. Ukurasa wa tatu anakunywa, wa tisa anauza vifaa vyake vya kazi, wa kumi na nne anamwomba Mungu, wa kumi na tano ameacha. Basi! Zilizobaki zote ni mawaidha. Vijana acheni ulevi, vijana fanyeni kazi, vijana amkeni mapema. Nilikuwa nachapa huku napiga miayo.

Kinachoniuma ni kwamba hakikuwa hivyo alipokileta.

Ngoja kwanza nijitambulishe. Naitwa Yuliana. Mimi Mnyamwezi, baba yangu aliletwa na reli akafanya kazi stesheni ya Kingolwira, nikazaliwa pale na nimezeekea huku huku Morogoro. Nina steshenari: natoa kopi, nachapa barua, nabaindi, napiga picha za pasipoti. Mdomo wangu hauna breki, Kihonda nzima wanajua. Na sisi Wanyamwezi na Waluguru ni watani, tangu mababu zetu walipokuwa wanapita hapa na mizigo kichwani. Kwa hiyo Stambuli, ambaye ni Mluguru wa Mlali, ni mtani wangu. Naweza kumwita mwizi mbele ya wakwe zake akacheka. Akifa kesho nitakwenda msibani nimevaa suruali yake, nijifanye yeye, na hakuna atakayethubutu kunifukuza.

Ni fundi seremala, karakana yake imepakana na duka langu. Ukiona Kihonda mlango wa mninga umenyooka, haukwaruzi sakafu wala haupigi kelele, huyo ni Stambuli.

Alishuka kutoka Mlali akiwa na miaka ishirini, na randa moja na msumeno aliopewa na mjomba wake. Ndani ya miaka mitano alikuwa na karakana, mke, na wateja wa kugombania. Halafu akaingia kwenye gongo. Watu wanapenda kusema fulani alianza kunywa kwa sababu ya huzuni, sijui alifiwa, sijui alirogwa. Wapi! Stambuli alianza kwa sababu ilimpendeza na marafiki walikuwa wengi. Mtoto wa mzee Halidi aliyekuwa akiadhini msikitini, akawa anakunywa asubuhi kabla ya chai. Akanywa miaka kumi na nane. Mke akaondoka. Mteja akitoa oda ya kabati anapata mbao mbili na maelezo. Randa ikauzwa, msumeno ukauzwa, hata benchi la kazi alimuuzia jirani, kisha akawa analiazima.

Aliyemtoa ni huyo mjomba, mzee Mikidadi, ndugu wa mama yake. Kwa Waluguru mjomba si mtu wa kuja na pipi sikukuu halafu akarudi kwake. Ukoo unapita kwa mama, mashamba ni ya ukoo wa mama, na mtoto akiharibika anayeulizwa ni mjomba. Mzee Mikidadi akashuka Kihonda na fimbo yake na mguu wake mbovu, akamkuta mpwa wake chakari, akampeleka hospitali. Wiki mbili. Kisha akampandisha Mlali akamlaza kwenye chumba chake mwenyewe, yeye mzee akatandika mkeka mlangoni. Ukitaka kwenda kunywa umruke mzee. Stambuli hakuruka.

Akakaa miaka miwili bila tone. Akarudi Kihonda, akalinunua tena benchi lake, milango ikaanza kutoka. Nikafurahi kama vile ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Ikaja harusi ya Maimuna.

Maimuna ni mtoto wa Mwaisha, na Mwaisha ni dada mkubwa wa Stambuli, mkulima wa maharage na kabeji huko Mlali, mwanamke akikutazama unaanza kutubu hata dhambi ambazo hujafanya. Katika ukoo wao bibi harusi havuki kizingiti cha kwao mpaka mjomba amshike mkono amvushe. Ndoa inaweza kufungwa, shehe anaweza kuondoka, lakini binti anakaa ndani kumngoja mjomba. Na mjomba wa Maimuna ni Stambuli.

Jioni ya kuamkia harusi alimaliza kulipiga vanishi kabati la Maimuna. Mtu mmoja wa pale jirani, sitamtaja, akamwambia, "Mjomba wa bibi harusi, moja tu ya hongera." Moja tu! Asubuhi yake mimi ndiye niliyemkuta mtaroni nyuma ya kilabu, amevaa kanzu mpya, upande mmoja matope matupu. Simu ilikuwa inaita mfukoni mwake. Nikaichomoa. Alikuwa Mwaisha.

Hapa ndipo nilipokosea, na sitaki mtu anitetee. Nilimtazama yule mtu mtaroni, nikamwonea huruma, nikaona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyelewa. Nikasema, "Dada Mwaisha, shikamoo. Stambuli ana malaria. Imempanda kichwani, yuko kwenye dripu."

"Malaria?" Mwaisha akasema. "Leo?"

"Ndiyo, dada. Tangu jana."

Akasema, "Haya, mwuguzeni." Maimuna alikaa ndani mpaka alasiri, akilia, wakimngoja labda atapata nafuu. Mwishowe mzee Mikidadi na mguu wake ule akajikongoja akamvusha yeye, na wageni walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba binti ana mkosi.

Na mimi Kihonda nilikuwa namkokota mtani wangu kutoka mtaroni. Akafumbua jicho moja. "Mnyamwezi," akasema, "unanibeba?"

"Kubeba ni kazi ya babu zangu," nikamwambia. "Nyamaza."

Malaria hiyo ilidumu siku kumi na tisa. Alikunywa mfululizo. Benchi likauzwa tena. Siku ya ishirini, saa moja asubuhi, nafungua duka, namkuta amekaa kwenye ngazi anatetemeka mpaka meno yanagongana. Akasema, "Mtani, usiniache niondoke hapa." Nikafunga duka tukaenda hospitali. Na aliporuhusiwa hakuwa na mzee wa kulala mlangoni, maana mjomba hakutakiwa kujua. Ikabidi ajilinde mwenyewe. Saa moja asubuhi ndiyo ilikuwa saa yake mbaya. Basi kila siku saa hiyo anakuja, anakaa kwenye stuli karibu na mashine ya kopi, hasemi kitu, mpaka saa mbili na nusu, anakwenda kazini. Kila siku ya Mungu. Mvua, jua, Idi, Krismasi. Leo ni mwaka wa nne.

Mwaka jana mzee Mikidadi akafariki, Mungu amrehemu. Baada ya arobaini Stambuli akaniletea kauntabuku, lile daftari nene, limejaa mwandiko wake wa penseli ya fundi. "Nichapie," akasema. "Nataka mjomba asipotee bure."

Jamani! Nilichapa lile daftari huku machozi yananitoka. Mle ndani kulikuwa na kila kitu. Harusi ilikuwa na kurasa thelathini peke yake. Aliandika: "Nilisikia simu inaita nikajua ni dada. Nilikuwa na nguvu ya kuinua mkono. Sikuinua." Aliandika: "Mara ya kwanza niliacha pombe kwa ajili ya mjomba. Mara ya pili sikuwa na wa kumwachia, nikaacha kwa ajili ya saa moja mpaka saa mbili na nusu." Nikamwambia, mtani, hapa umefanya kazi kuliko milango yote uliyotengeneza.

Wiki mbili baadaye akaingia dukani, uso umemshuka. Ukoo umekutana. Wanataka arithi jina la mjomba na kigoda chake. Mwenye kigoda ndiye anayesimamia mashamba ya ukoo pale Mlali, ndiye anayevusha mabinti, ndiye anayebeba wapwa. Kama si yeye, kigoda kinahamia tawi jingine la ukoo na mashamba yanakifuata. Na wenye kauli ni wanawake, kwa kuwa ukoo ni wao, na mkubwa wa wanawake ni Mwaisha.

"Futa harusi," akaniambia.

"Nini?"

"Futa. Na siku kumi na tisa zote. Andika niliacha, nikawa nimeacha."

"Stambuli, ukifuta hiyo kitabu kinabaki na nini?"

"Dada atasoma," akasema. "Alimwona Maimuna analia toka asubuhi mpaka alasiri. Akijua nilikuwa mtaroni, hanipi hata kigoda cha jikoni."

Nami nikafuta. Mimi na kidole changu hiki. Nilikuwa na sababu yangu, maana uongo wa malaria ulikuwa wangu. Tukachapa nakala mia mbili za upuuzi. Msikitini walizichukua, shule wakachukua, kila mtu akasema mashaallah, na sijamsikia hata mmoja akisimulia alichosoma. Mteja mmoja alifungia karanga.

Ingeishia hapo. Lakini mwezi mmoja kabla ya siku ya kumkalisha Stambuli kwenye kigoda, Mwaisha akaingia dukani kwangu. Nikasimama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nipe kile kitabu cha mdogo wangu. Nataka kumpa Said."

Said ni mtoto wake wa kiume, kaka yake Maimuna, mtu mzima wa miaka thelathini, ana mke na mtoto. Sikujua. Mwaisha akaniambia amesimama vilevile, hakukaa. Said anakunywa. Mwaka wa pili sasa. Ameuza mbuzi, ameuza pampu ya kumwagilia, mke kaenda kwao. "Kila nikimsema ananiambia ataacha," Mwaisha akasema, na sauti yake ile kubwa ikapungua. "Mjomba Mikidadi angekuwepo angelala mlangoni. Sasa sina mtu. Labda asome alivyofanya mjomba wake."

Nikampa kitabu. Nikakataa hela yake. Alipotoka nikakaa chini, nikajiona nuksi.

Siku kumi baadaye akapiga simu. "Said amekisoma chote," akasema. "Amekirudisha. Unajua ameniambiaje? Anasema, mama, mimi nimeshaacha mara sita na nimerudi mara sita. Mjomba aliacha siku moja ikaisha. Basi mimi ni mtu wa aina nyingine, niacheni," Mwaisha akasema. "Yuliana, mwanangu amekata tamaa kwa kusoma kitabu."

Nikakata simu nikaingia karakana. Stambuli alikuwa anapiga randa. Nikamwambia yote, neno kwa neno. Randa ikasimama.

"Sasa sikiliza," nikamwambia. "Siku yako ya kukaa, mimi nakuja kama mtani. Nitasema."

Hapa inabidi mwelewe desturi ya ukoo ule. Kabla mrithi hajakalia kigoda, anasimama katikati ya uwanja, peku, na watani wanamvua nguo kwa maneno. Kila aibu yake inatajwa mbele ya watu, kwa kicheko. Ikishatajwa siku ile, imekwisha. Hakuna mwanaukoo atakayeruhusiwa kumsuta nayo tena mpaka kufa. Ila mrithi hana ruhusa ya kujibu. Akifungua kinywa, hata kwa neno moja, ameshindwa na kigoda hakimpati.

"Nitaitaja harusi, wewe utanyamaza, itakuwa imekwisha," nikamwambia. "Utakaa kwenye kigoda na Said atakuwa amesikia."

"Na dada?"

"Dada atakasirika. Akasirike!"

Stambuli alishika randa, akaiweka, akaishika tena. "Nitampoteza dada," akasema. Nikatoka.

Siku ilipofika nikapanda Mlali tangu alfajiri nimevaa koti la marehemu mume wangu na kofia ya polisi jamii, maana mtani haendi na gauni la kanisani. Uwanja umefagiwa, mahindi yamesimama mpaka kwenye kuta za nyumba, na ile milima juu yetu imevaa mawingu kiunoni. Watu mia mbili. Kigoda cha mzee Mikidadi kimewekwa kwenye mkeka mpya. Wanawake wa ukoo wamekaa upande wa kulia, Mwaisha mbele, na kilemba cha mrithi kimekunjwa mapajani mwake. Nyuma yake, chini ya ukuta wa jiko, Said amechuchumaa. Macho mekundu. Lakini alikuja.

Msemaji wa ukoo, mzee Abdulswamad, akanyanyua fimbo. "Watani, huyu hapa. Mvueni."

Nikaingia uwanjani, kofia kichwani, kitabu mkononi. Stambuli amesimama peku, kanzu nyeupe, jasho linamtoka.

"Nyie Waluguru!" nikaanza. "Mlikosa mtu mpaka mkaniletea huyu? Huyu aliyeuza benchi lake akawa analiazima kama mke wa jirani?" Wakaangua kicheko. "Huyu aliyewahi kuniuzia mlango ukafunguka kwa nje na kwa ndani na kwa juu?" Kicheko. "Halafu ameandika kitabu! Nimekichapa mimi. Ukiwa na mtoto asiyelala, msomee. Ukurasa wa pili tu, fofofo!" Mzee Abdulswamad mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. Hata Mwaisha alitabasamu.

"Na jingine," nikasema. Nikamgeukia Stambuli. Ilikuwa sasa. Neno lilikuwa mdomoni. Nikamtazama Mwaisha, lile tabasamu bado lipo usoni, anamtazama mdogo wake kwa fahari, kilemba mapajani, na nikaisikia sauti yake ya siku ile: haya, mwuguzeni.

Mdomo wangu usio na breki ukagoma. Miaka hamsini na mbili haujawahi kunigomea, ukanigomea siku hiyo! Nikabaki nimeshika kitabu kama mwanafunzi aliyesahau shairi.

"Jingine," nikasema, "ni kwamba anakoroma." Watu wakacheka. "Nimemaliza."

Nikarudi pembeni nikaketi. Nilitaka ardhi inimeze.

Mzee Abdulswamad akanyanyua fimbo. "Watani wamemaliza. Mrithi hajajibu. Mwaisha, lete kilemba, akae."

Yaani ilikuwa imekwisha. Hatua tatu mpaka kwenye kigoda. Hakuna aliyejua, na mtu pekee aliyejua alikuwa amenywea. Stambuli akatazama kigoda. Akamtazama Said pale ukutani.

"Mtani hajamaliza," akasema.

Mzee mmoja nyuma akasema, "Lahaula! Amejibu."

"Nimejibu," Stambuli akasema. "Na kigoda najua kimeondoka. Dada, siku ya harusi ya Maimuna sikuwa na malaria. Nilikuwa mtaroni Kihonda, nimelewa, nimevaa kanzu ya harusi. Ulipiga simu nikaisikia. Nilikunywa siku kumi na tisa. Kwenye kitabu nimefuta, kwa sababu nilikuogopa. Said." Yule bwana akainua kichwa. "Mimi sikuacha siku moja. Nimedanganya. Niliacha, nikarudi, na niliporudi nilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Mpaka leo kila asubuhi saa moja naiogopa. Hizo mara sita zako nazijua, mimi ni mtu wa aina yako."



Nilisimama. "Malaria niliisema mimi, dada," nikasema. "Uongo ule wangu."

Mwaisha akainuka. Akaja kwangu kwanza. Nilifikiri ananipiga kofi, na ningelipokea. "Na wewe!" akasema. "Maimuna amekutumia viazi kila mwaka, kwamba ulimwuguza mjomba wake! Viazi!" Kisha akamgeukia mdogo wake, na sijawahi kumwona mwanamke amekasirika vile bila kupiga kelele. "Saa saba nzima," akasema. "Mwanangu alikaa ndani saa saba. Watu wakasema ana mkosi. Mjomba akatembea na ule mguu. Nawe ulisikia simu?"

"Nilisikia, dada."

"Umenikosea sana."

"Nimekukosea."

Akavuta pumzi. Mzee Abdulswamad akakohoa, akasema kwa huzuni kwamba desturi ni desturi, mrithi amejibu watani, kigoda hakimpati, itabidi ukoo ukae upya.

"Amejibu nini?" Mwaisha akasema.

"Mwaisha, sote tumemsikia akisema."

"Mzee wangu, nakuuliza amejibu nini? Watani walimtukana benchi, walimtukana mlango, walimtukana kukoroma. Amekataa benchi? Amekataa mlango? Hakuna mtani aliyetaja harusi. Huyu Mnyamwezi wenu amekuja na kofia na koti, akanywea. Aibu kubwa kuliko zote ilibaki haijavuliwa, mwenyewe akaivua. Desturi inakataza mtu kujivua? Nionyesheni mzee aliyewahi kusema hivyo."

Mzee akafikiri. Akawatazama wazee wenzake. Mmoja akakuna kidevu, mwingine akatazama milima. Hakuna aliyewahi kusikia, kwa sababu hakuna mrithi aliyewahi kuwa mjinga kiasi hicho.

"Na imeshatajwa," Mwaisha akaendelea. "Kwa hiyo kuanzia sasa hata mimi siruhusiwi kumsema nayo. Mungu anajua ningependa kumsema miaka kumi! Lakini imekwisha. Wanawake, mnasemaje?"

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Maimuna, aliyekuwa kwenye sufuria za pilau na mwiko mkononi, analia. Halafu wanawake wote. Ile milima ikarudisha sauti. Mwaisha akamfunga mdogo wake kilemba mwenyewe, akakikaza kwa hasira mpaka macho yakamtoka, akamsukuma akakaa kwenye kigoda cha mzee Mikidadi. Nilirusha kofia ya polisi jamii juu, sijaipata mpaka leo. Nililia, nikacheza, nikala pilau sahani tatu, na kila aliyepita alinizomea kwa kunywea, na wana haki.

Said akashuka Kihonda na mjomba wake kesho yake. Hospitali kwanza. Halafu chumba cha nyuma ya karakana, na Stambuli akatandika godoro lake mlangoni. Saa moja asubuhi wakawa wanakuja wawili, nikaongeza stuli. Siku ya kumi Said alianza kushika randa. Siku ya ishirini alitengeneza stuli moja mbaya kupita zote nilizowahi kuona, nikaikalia hivyo hivyo. Mkewe akapiga simu. Mwaisha akawa anateremsha kabeji kila Jumamosi, anakaa anamtazama mwanawe anavyopiga misumari, anaondoka anajifuta macho na kanga. Na kile kitabu tukaanza kukichapa upya, harusi ndani, siku kumi na tisa ndani. Kauntabuku nilikuwa sijaitupa.

Siku ya thelathini na nane Said hakuja.

Saa moja, hayupo. Saa mbili, hayupo. Godoro la Stambuli lilikuwa mlangoni lakini dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Stambuli alikaa kwenye stuli, rangi imemtoka. Sikuwa na utani wowote siku hiyo. Tukamtafuta kilabuni, mitaroni, stendi. Hatukumpata. Tulirudi dukani asubuhi iliyofuata, sijalala, yeye hajalala, simu iko mezani na hakuna aliyethubutu kumpigia Mwaisha.

Saa moja kasorobo Said akatokea kwenye kona, anatembea kwa miguu yake. Shati limechanika, mdomo umevimba. Hakupita pembeni wala hakungoja aitwe. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye ngazi, akasimama mbele ya Stambuli.

"Mjomba," akasema, "nimeanguka."

"Lini?"

"Jana."

Stambuli akanyanyuka. Nilimwona anavyomtazama, nikajua anahesabu, kisha uso wake wote ukafunguka, akamshika yule mtu mzima mabega na mikono yake miwili.

"Jana?" akasema. "Jana, na leo umeshakuja kusema? Mjomba, umenishinda! Mimi ilinichukua miaka minne."